Mti, shada, nyota au hori: pambo lipi la kukusanyikia kina mama wa usharika Krismasi hii?

Kila mwaka Oktoba inapokaribia kuisha, kikao cha kamati ya kina mama hufika kwenye ajenda ile ile, hafla ya Krismasi, na lazima mmoja aseme: "Safari hii tusije tukala pilau tukaondoka. Tuwe na somo." Wazo la kufundisha kwa kutumia mapambo hupita haraka, maana kila mtu anayajua, picha zinapendeza na mnenaji hakosi la kusema. Ugomvi huanza mkiulizana pambo lipi.

Mwaka mmoja sisi tuliukwepa ugomvi kwa kuamua yote. Tukasimamisha mti, tukaweka shada la mishumaa, tukatundika nyota, na hori ya kulia ng'ombe ikasukumwa chini ya meza ya keki. Mnenaji alipewa dakika arobaini, akazigawa kumi kumi. Wiki iliyofuata nilimwuliza bibi mmoja wa jumuiya yetu amekumbuka nini. Akafikiri kidogo, akaniambia, "Pilau ilikuwa na nyama nzuri."

Tangu siku hiyo mimi ni mtu wa pambo moja. Hapa nayalinganisha manne, mawili mawili, kama yanavyogongana kwenye vikao vyetu. Naandika kama mtu aliyeshika daftari la michango katika usharika wa Kilutheri Dar es Salaam. Mliopo Moshi, Mbeya au Nairobi mtapunguza na kuongeza.

Kwanza tazameni kalenda

Usharika wa Dar wenye Wachagga wengi hupungua watu Krismasi ikikaribia. Ikifika katikati ya Desemba mabasi ya Moshi yamejaa, mizigo imefungwa, na aliyekuwa mwimbaji wa sauti ya pili yuko Machame au Marangu. Kwa hiyo hafla zetu nyingi hufanyika Jumamosi ya kwanza au ya pili ya Desemba. Hiyo bado ni Majilio, majira ya kungoja Krismasi. Madhabahuni kuna kitambaa cha zambarau, na nyeupe ya Krismasi haijatoka kabatini.

Kamati nyingi huliruka jambo hili kisha zinashangaa mbona somo halikai. Pambo linalotangaza "amezaliwa" tarehe 6 Desemba linaisimulia habari kabla ya wakati wake, na pambo la kungoja linafaa siku hiyo hasa. Mkiweza kukusanyika tarehe 23, hukumu nyingi nitakazotoa hapa chini zitageuka.

Mti na shada

Mti una wapigakura wengi kuliko wote. Watoto wanautaka, kina mama vijana wanataka picha, na wengine tayari wanao wa plastiki nyumbani uliotoka Kariakoo. Asiyetaka plastiki anakata tawi la mvinje, na kwa mwonekano si vibaya, ila liwekwe kwenye ndoo ya mchanga mbichi. Joto la Desemba hulikausha upesi, na vijani vyake huanguka hadi kwenye kachumbari.

Kama mnenaji ameandaa, mti una hadithi nzito kuliko watu wanavyodhani. Huko Ujerumani zamani tarehe 24 Desemba ilikuwa siku ya kuwakumbuka Adamu na Hawa. Kulikuwa na maigizo ya bustani ya Edeni, na mti wa kijani uliotundikwa matofaa ulisimama katikati ya jukwaa. Mpira mwekundu unaometameta kwenye mti wa leo ni mjukuu wa tofaa lile. Mafundi wa kioo wa mji wa Lauscha walianza kutengeneza mapambo hayo kwa kupuliza kioo katika karne ya 19, na picha ya familia ya Malkia Victoria wa Uingereza wakiwa wameuzunguka mti, iliyochapishwa gazetini London mwaka 1848, ikausambaza mti mbali. Basi mtu anaweza kusimama mbele ya mti akaanza na Hawa akamalizia na Mariamu, na kina mama watamsikiliza.

Sisi Walutheri tuna hadithi yetu nyingine, kwamba Martin Luther alikuwa akitembea usiku, akaona nyota zikimeta kati ya matawi, akaenda nyumbani akawasha mishumaa kwenye mti. Ni tamu, lakini hakuna andiko la wakati wake linaloishuhudia. Mkitaka kuisimulia, isimulieni kama hadithi. Vivyo hivyo ile ya peremende iliyopinda, kwamba ilibuniwa iwe herufi ya kwanza ya jina la Yesu kwa Kiingereza. Peremende hiyo ilikuwapo kabla ya maelezo hayo. Inafanana na fimbo ya mchungaji wa kondoo, na hilo linatosha kusemwa.

Kasoro ya mti ni kwamba mti hutazamwa tu. Mama anaingia, anausifu, anapiga nao picha, anakaa. Mikono yake haina kazi. Halafu kuna zawadi za chini ya mti. Mmeandika kwenye barua "zawadi isizidi elfu tano", na bado mmoja ataleta seti ya vikombe na mwingine sabuni ya mche, na vyote vitafunguliwa mbele ya watu. Nimewahi kuiona sura ya mama aliyeleta sabuni. Sitaki kuiona tena.

(Anayeng'ang'ania mti nina ombi kwake. Toka nje utazame. Mkrismasi, ule mti wetu wenye maua mekundu kama moto, huchanua majira haya haya, ndiyo maana ukapewa jina hilo. Asili yake ni Madagaska na tumeuzoea kama wetu. Pangeni viti chini yake. Umeshajipamba wenyewe na hauchangiwi.)

Shada la Majilio halina wapigakura wengi, ila lina faida ambayo mti hauna, nayo ni kwamba limetengenezwa kwa ajili ya kungoja. Mchungaji Johann Hinrich Wichern alikuwa na nyumba ya kulea watoto maskini huko Hamburg. Watoto walikuwa wakimwuliza kila siku Krismasi itafika lini. Mwaka 1839 akachukua gurudumu la mkokoteni, akalipanga mishumaa, mikubwa minne myeupe ya Jumapili na midogo myekundu ya siku nyingine, na kila siku mmoja ukawashwa. Baadaye ikabaki minne tu na majani ya kijani yakazungushwa. Mama yeyote aliyewahi kuulizwa na mtoto "baba anarudi lini?" ataielewa hadithi hii bila mnenaji kujisumbua.

Maana za mishumaa huzoeleka kuwa tumaini, amani, furaha na upendo. Mpangilio hutofautiana kutoka kanisa hadi kanisa, msigombane juu yake. Mkiwaalika majirani zenu wa WAWATA, kina mama Wakatoliki, wao watazoea mitatu ya zambarau na mmoja wa rangi ya waridi kwa Jumapili ya tatu, ya furaha. Mmetofautiana rangi tu.

Kwenye majani ndipo shada linapoweza kuwa letu. Kwa nini tuhangaike na majani ya plastiki yenye theluji ya bandia, na masale yapo? Kwa Wachagga isale ni jani la amani. Aliyekosa akimpelekea mwenzake isale anaomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito. Hupandwa mipakani mwa kihamba (shamba la ukoo) na penye makaburi. Shada la masale lenye mshumaa wa amani katikati lina mahubiri ndani yake, hasa kwa kundi lililotoka kugombania sare za kitenge miezi mitatu iliyopita. Nitaongeza tahadhari moja. Mwulizeni kwanza Mama Mchungaji na wazee wa kanisa. Wapo wanaoliona isale kama mambo ya matambiko, na ni afadhali mlisikie hilo kwenye kikao kuliko siku yenyewe.

Gharama ni ndogo. Tuseme mpo arobaini na kila mmoja amechanga shilingi 10,000. Hizo ni laki nne, na chakula, maji na soda vitameza karibu zote. Kwa elfu sitini itakayobaki, mti wa maana hamuupati, lakini mishumaa, waya na kamba za kutengenezea mashada kumi, moja kwa kila meza, mnapata. Mkimaliza, mashada yapelekwe mnadani Jumapili baada ya ibada. Mhazini atawapenda.

Kuna adha zake. Pangaboi huzima mishumaa na haiwezekani kulizima pangaboi Desemba Dar es Salaam. Tulijaribu, watu wakaanza kujipepea na vitabu vya nyimbo. Nta ilimwagika kwenye kitenge cha mgeni wa heshima. Sasa tunaweka mshumaa ndani ya chupa ya jemu yenye mchanga chini, upepo haufiki na nta haitoki. Adha ya pili ni ya uvumilivu. Jumamosi ya kwanza ya Desemba mnawasha mshumaa mmoja tu, na mama mmoja atasema, "Washeni yote basi, picha ipendeze." Msikubali. Mitatu iliyozimwa ndiyo somo lenyewe.

Kati ya hayo mawili, kwa tarehe zetu, nachukua shada.

Nyota na hori

Kwa nyota sitakaa sana. Ni nzuri, nayo ina historia inayotuhusu. Nyota ya karatasi yenye ncha nyingi ilianzia katika shule za Wamoravian huko Saxony, Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 19, kama zoezi la hesabu za maumbo. Wamoravian hao hao walifika Rungwe mwaka 1891, na leo Tanzania ndiyo nchi yenye Wamoravian wengi kuliko zote duniani. Kama kuna mama wa Mbeya katika kundi lenu, mpeni heshima ya kuieleza nyota. Wa pwani anayejua kusuka ukili anaweza kusuka ya ncha tano kwa ukindu, ikapendeza kuliko ya dukani.

Ila nyota ni ya mamajusi, na mamajusi wanakumbukwa tarehe 6 Januari. Mathayo hasemi walikuwa wangapi, na anasema waliingia nyumbani, wala hataji zizi. Nyota ya karatasi inataka mikono mitulivu, gundi na saa mbili, na kina mama wazee wasioona vizuri watabaki watazamaji. Kuna usharika uliowahi kuamua kuhamishia hafla yote Januari, watu wakisharudi kutoka Moshi, ili nyota ikae penye siku yake. Wazo lilikuwa safi. Ila Januari ni ada za shule, na mchango wa elfu kumi ulikuja kama elfu tatu.

Hori ni habari nyingine. Kati ya mapambo haya manne hili ndilo pekee lenye harufu ya uzazi, na mbele ya kina mama arobaini hilo si jambo dogo. Luka anasema Mariamu alimvika mtoto nguo za kitoto, "akamlaza katika hori ya kulia ng'ombe, kwa sababu hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni." Mwanamke yuko ugenini, hana mama yake wala shangazi wa kumshika mgongo, na nafasi hakuna. Wapo kwenye kundi lenu waliojifungua wawili kitanda kimoja. Wapo waliojifungulia kwenye bajaji. Hamhitaji kuwaeleza maana ya alama.

Desturi ya kutengeneza mandhari ya hori husimuliwa sana kupitia Fransisko wa Asizi. Mwaka 1223, kijijini Greccio, Italia, aliandaa nyasi kavu, ng'ombe na punda, ili watu waone kwa macho yao jinsi mtoto alivyolala kwa shida. Luka hamtaji ng'ombe wala punda penye kuzaliwa. Wametoka kwa nabii Isaya: "Ng'ombe amjua bwana wake, na punda ajua kibanda cha bwana wake." Tena hori ni chombo cha chakula, na jina Bethlehemu kwa Kiebrania ni nyumba ya mkate. Mnenaji akivishika viwili hivyo tu, amemaliza. Na msimtafute mnenaji mbali. Kama usharika una mkunga mstaafu, mpeni yeye maikrofoni.

Kuhusu tarehe nilikuwa nikidhani hori haifai Majilio, mpaka mama mmoja aliposema kwenye kikao, "Si tuiweke tupu?" Hori tupu katikati ya ukumbi, bila mwanasesere. Kila mama anakuja na kanga, mpya au iliyofuliwa na kupigwa pasi, anaikunja na kuiweka ndani. Mwisho wa hafla hori imejaa nguo za kitoto, mtoto bado, na kanga zote zinapelekwa wodi ya wazazi. Hapo mikono ina kazi, siku inalingana, na aliyeleta kanga ya shilingi elfu chache hatofautiani na aliyetoa doti nzima, kwa sababu zimechanganyika. Mashindano ya zawadi za chini ya mti yamekwisha.

Mpigieni matroni wa wodi kabla hamjatangaza. Ataeleza kama wanapokea nguo zilizotumika, au kama shida yao ni ndoo, sabuni na nepi. Tuliwahi kupeleka vitu vizuri visivyohitajika, tukapokelewa kwa adabu, tukajua.

Sasa upande wa pili, ambao naomba usomwe polepole. Hori inaweza kuumiza. Katika kundi la kina mama arobaini wapo waliozika mtoto, wapo wanaosubiri mwaka wa nane wa ndoa, na yupo ambaye mimba imetoka mwezi uliopita na aliyemwambia ni mmoja tu. Shada halimchomi mtu. Nyota haimchomi mtu. Mkichagua hori, mkubaliane mapema mambo machache. Hakuna kumwomba kila mmoja asimame asimulie alivyojifungua. Hakuna zawadi ya mwenye watoto wengi (msicheke, nimeiona). Hakuna ule utani wa "na wewe mwakani tukuletee kanga". Na kanga iletwe na kila mtu, bila kutajwa ya mama ni ipi na ya asiye na mtoto ni ipi. Kama mwenyekiti wenu ni wa kupenda utani na kumzuia hamwezi, chukueni shada. Nasema kweli.

Na chungwa?

Kina mama ambao hafla yao hujaa watoto wadogo wataniuliza kuhusu chungwa lenye mshumaa. Mwanzo wake ni Wamoravian tena, Marienborn, Ujerumani, mwaka 1747. Watoto walipewa mishumaa iliyofungwa utepe mwekundu, na chungwa likaja baadaye. Siku hizi chungwa ni dunia, utepe mwekundu ni damu ya Kristo, mshumaa ni nuru, na vijiti vinne vyenye matunda ni mazao ya nchi. Watoto wanalipenda na wanakula somo lote, ila mshumaa unaowaka mkononi mwa mtoto wa miaka minne ni hatari. Wekeni vitochi vya betri.

Ningechagua vipi

Mkiwa na Jumamosi ya mwanzo wa Desemba, ukumbi, fedha kidogo na kundi lisilojuana vizuri, wageni wakiwemo, chukueni shada. Halimwachi mtu nje na linakwenda nyumbani kwa ajili ya ibada za jioni. Kina mama waliozoeana, wenye kiongozi mtulivu na wodi ya wazazi isiyo mbali, wachukue hori, wala wasisite. Mti uwekwe na wenye hafla ya familia nzima karibu na tarehe 24, na mnenaji aanze na Adamu na Hawa. Nyota ni ya vijana, au ya usharika wenye fedha Januari, kama upo.

Kama kikao kitagawanyika nusu kwa nusu kati ya shada na hori, msiyaweke yote mawili kwa kuwaridhisha watu. Shada lifanyeni mwaka huu, hori mwakani, iandikwe kwenye muhtasari.

Sisi tulikwenda na hori. Hatukuitengeneza, tuliiazima kwa mama mmoja wa Goba anayefuga ng'ombe wawili wa maziwa. Tuliisugua kwa sabuni na maji ya moto asubuhi nzima na bado ilinukia pumba. Sijui kama Fransisko angelalamika. Bibi yule wa pilau alikuja na kanga yake imefungwa kwenye gazeti, akaiweka, akabaki amesimama ameshika ukingo wa ule ubao uliolambwa na ng'ombe hadi ukawa laini. Kisha akanigeukia, akauliza, "Mtairudisha saa ngapi?"

Nikamwambia, kabla ya saa kumi na moja, bibi. Ng'ombe wanakamuliwa jioni, na wakikamuliwa lazima wawe wanakula.

"Basi anzeni kutoa hizo kanga," akasema, "foleni ya Goba mnaijua."